Maneno ya Tumaini la Pasaka katika Bukoba na Muleba

Tarehe 6 Oktoba 2012 mabaki ya Laurean Kardinali Rugambwa yalizikwa kwa mara ya pili. Kardinali huyo alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, akazikwa Kashozi, katika parokia ya kwanza ya Wakatoliki wa upande wa Bukoba, kwa kuwa kanisa kuu la jimbo lilikuwa bado kutengenezwa. Muda wa karibu miaka 15 alilala hapo akingoja. Ndipo akahamishiwa ndani ya kanisa kuu mjini Bukoba. Nimelitumia neno "akingoja" kwa makusudi, maana ndilo neno ambalo mtu yeyote wa nchi ile angelitumia. Lakini alikuwa akingoja nini? Jibu la kwanza ni kwamba alikuwa akingoja mafundi wamalize kazi yao. Jibu la pili ndilo habari ya makala hii.

Wako waandishi wanaosema kwamba wamisionari, walipofika kwa Wahaya, waliyageuza macho ya watu kutoka kaburini na kuyaelekeza mbinguni. Kwamba kabla yao mfu alikuwa jirani, na baada yao akawa msafiri aliyekwenda mbali. Nimekusudia kuonyesha kwamba habari haikuwa nyepesi hivyo, na shahidi wangu mkubwa ni maneno yenyewe. Tumaini la uzima wa milele halikuingia Bukoba na Muleba kwa njia moja wala kwa lugha moja. Kila lugha ilileta picha yake ya jambo linalotendeka siku ya mwisho, na picha hizo hazifanani. Kihaya chenyewe sitakigusa sana; chastahili makala yake peke yake. Nayafuata maneno yaliyokuja kutoka nje.

Lugha ya kwanza ilikuwa Kiganda. Baada ya vita vya Mengo vya tarehe 24 Januari 1892, Wakatoliki wa Buganda walishindwa, na wengi wakakimbilia kusini. Askofu Jean-Joseph Hirth, wa shirika lililojulikana kwa jina la Mapadre Weupe, akavuka kuingia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, na mwaka huohuo 1892 misheni ya Kashozi ikaanzishwa kaskazini mwa Bukoba. Boma la Bukoba lenyewe lilikuwa changa, maana Emin Pasha alilianzisha mwaka 1890. Basi, dini ilifika pamoja na wakimbizi, na wakimbizi hufika na lugha yao.

Kwa upande wa Waprotestanti mambo yalikwenda vivyo hivyo, ila bila padre wala mchungaji. Kabla ya wamisionari wa Bethel, wakiongozwa na Ernst Johanssen, kufika mwaka 1910, tayari walikuwapo Wahaya waliokuwa wakikusanyika na kusoma. Na kitabu chao kilikuwa Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896. Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri wa Bukoba kuanzia 1961 hata 1964, aliandika historia ya Kanisa hilo katika kitabu chake Bara Bukoba, na aliona sawa kuanza na wasomaji hao kabla ya Wazungu.

Kiganda husema "okuzuukira" kwa maana ya kufufuka, na "okuzuukuka" kwa maana ya kuamka usingizini. Ni mashina mawili yaliyotoka katika mzizi mmoja, na msikilizaji hahitaji kufundishwa ili auone udugu wao. Sikukuu ya Pasaka nayo yaweza kuitwa "Amazuukira". Basi, Mhaya wa mwaka 1900 aliyeusikia mahubiri wa Pasaka kwa Kiganda, lugha ambayo ni jirani ya lugha yake, alisikia habari ya mtu aliyeamka. Kifo kilikuwa usingizi, kaburi kitanda, na siku ya mwisho ilikuwa asubuhi. Uzima wa milele nao uliitwa "obulamu obutaggwaawo", yaani uhai usiokwisha. Jina hilo ni la kukanusha: halisemi uhai huo u namna gani, lasema tu kwamba hauna kikomo.

Picha ya kuamka ina faida kubwa katika kufundisha, nayo ina sharti lake. Mwenye kuamka huamka mahali alipolala. Hapa sina budi kueleza habari ya kibanja, kwa ajili ya wasomaji wa pwani na wa ng'ambo.

Nchi ya Wahaya ina aina mbili za ardhi. Iko rweya, uwanda wa majani usio na rutuba nyingi, na uko kibanja, shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, lililorutubishwa kwa samadi na takataka za jikoni tangu enzi za mababu. Wafu huzikwa kibanjani. Mtu huketi mlangoni pake akaona, chini ya migomba, mahali alipo baba yake na mahali alipo babu yake. Hans Cory na Hartnoll, walipoandika sheria za desturi za Wahaya katika kitabu chao cha mwaka 1945, walieleza jinsi watu wa ukoo walivyo na haki ya kukomboa ardhi ya jamaa iliyouzwa nje. Si fedha tu iliyokuwa ikitafutwa katika kesi kama hizo. Anayeuza kibanja anauza na makaburi.

Na waliomo makaburini hawakuwa kimya. Imani ya kale ilisema juu ya "emizimu", roho za wafu wa ukoo, na juu ya Wamara na Bachwezi wengine, na Mugasha mwenye ziwa na dhoruba. Wamisionari walihubiri dhidi ya ibada hizo kwa nguvu zao zote. Walakini hawakuwaondoa wafu kibanjani. Misheni zilikuwa na makaburi yake, ni kweli, na mapadre na masista hulala huko. Lakini Mkristo wa kawaida wa Ihangiro au Kiziba alizikwa alikozikwa babu yake mpagani, na tofauti iliyoonekana ilikuwa msalaba. Kwa sababu hiyo neno la Kiganda lilikaa vizuri sana. Tumaini la kuamka lilipata kitanda kilichokwisha tandikwa.

Sasa nije kwenye Kiswahili. Kiswahili kiliingia Bukoba kwa njia ya boma, shule na biashara, kikazidi nguvu wakati wa Waingereza; na kilikuja na maneno yaliyokwisha chongwa mbali, Unguja na Mombasa. Agano Jipya la Askofu Steere lilitolewa mwaka 1879 na Biblia nzima ya Kiunguja mwaka 1891, kabla misheni ya Kashozi haijakuwako.

Neno kuu la Kiswahili ni "kufufuka". Lisikilizeni vizuri. Ndani yake twasikia "-fu", ile ya "mfu" na "ufu". Na mwishoni twasikia kiambishi cha kutendua, kilekile kinachogeuza "funga" kuwa "fungua" na "ziba" kuwa "zibua". Ikiwa asili hiyo ni ya kihistoria hasa, au ni sikio la wasemaji linalolipanga neno hivyo, kwa hoja yangu ni mamoja. Msemaji husikia kwamba kifo kimefunguliwa kama fundo. Si kuamka. Anayeamka hakuwa amekufa, alikuwa amelala tu. Anayefufuka alikuwa mfu kweli, na ufu wake ukatenduliwa. Mtu aweza kusema kwamba Kiswahili ni kigumu zaidi kuliko Kiganda katika jambo hili: hakimpozi mfiwa kwa kukiita kifo usingizi.

Tena Wakristo wenyewe hawakukubaliana juu ya jina litokalo katika kitenzi hicho. Katika vitabu vya Wakatoliki neno la kawaida ni "ufufuko". Katika Biblia ya Union, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ni "ufufuo". Watu wengi huziona kuwa ni namna mbili za kutamka neno moja. Mimi sioni hivyo. "Ufufuko" watoka katika "fufuka", na humtazama yule ainukaye. "Ufufuo" watoka katika "fufua", na nyuma yake yuko mtendaji mwingine anayemfufua mfu. Wakatoliki na Walutheri wa Bukoba waliishi kilima kwa kilima, wakaoana na kuzikana, na miaka mingi walikuwa wakisema maneno haya mawili katika mazishi ya watu wa ukoo mmoja. Sidhani kwamba tofauti hiyo ilimtenga mtu na ndugu yake. Lakini mwanafunzi wa lugha hana ruhusa ya kuipita.

Liko neno la tatu, nalo ni "kiyama". Waislamu wa pwani walikuwa nalo karne nyingi kabla ya Biblia yoyote ya Kiswahili, na watafsiri wa Union hawakuogopa kulitumia sambamba na "ufufuo". Katika Kiarabu asili yake ni kusimama. Wafu husimama. Neno hili ndilo lililo karibu kuliko yote na Kiyunani cha Agano Jipya, maana "anastasis" nalo ni kusimama. Hivi kwamba neno linaloonekana kuwa la Kiislamu kupita yote ndilo linaloitafsiri picha ya Mitume kwa uaminifu zaidi. Jambo hili limenichekesha mara nyingi, nikikumbuka jinsi wengine walivyojitahidi kuyafukuza maneno ya namna hiyo.

Aliyejitahidi kuliko wote alikuwa Karl Roehl, mmisionari wa Bethel, yaani wa shirika lilelile lililofanya kazi Bukoba. Biblia yake, iliyokamilika mwaka 1937, ilitaka kuwa ya Kibantu kwa kadiri iwezekanavyo, na maneno yenye harufu ya Kiarabu yaliwekwa kando. Badala ya "uzima wa milele" Roehl aliandika "uzima wa kale na kale". Nakiri kwamba napenda sauti yake. Walakini "kale" kwa Mswahili ni wakati uliopita: watu wa kale, mambo ya kale, hapo kale. Roehl alitaka kusema juu ya siku zijazo zisizo na mwisho, akaazima neno la siku zilizopita zisizo na mwanzo. Msomaji wa pwani hakuelewa, au alielewa kinyume. Kwa nchi yenye makaburi ya mababu chini ya migomba, hata hivyo, sina hakika kwamba lilikuwa kosa kabisa. Uzima wa kale na kale ni uzima unaowafikia na wale waliotangulia kulala kibanjani kabla ya mhubiri wa kwanza kufika, na swali la hatima yao lilikuwa swali zito katika kila nyumba iliyobatizwa. Biblia ya Union ilipotoka, "milele" ilishinda, na ushindi huo ulikuwa wa haki kwa sababu za lugha. Swali la mababu lilibaki palepale.

Neno "uzima" lenyewe lastahili kusimamiwa kidogo. Watafsiri wangeweza kuandika "uhai wa milele", wasiandike. Uhai ni kutokufa tu. Uzima ni zaidi: mtu mzima ni aliye hai, ni asiye mgonjwa, ni aliyekua, ni asiyepungukiwa na kiungo. Twaulizana "u mzima?" kila asubuhi, na hatuulizi kama mwenzetu amekufa. Kwa hiyo Kiswahili kilipoahidi uzima wa milele kiliahidi afya na utimilifu wa mwili, ahadi ambayo "obulamu" wa Kiganda pia waibeba, kwa kuwa "mulamu" naye ni mwenye afya. Neno hili la afya ndilo litakalopimwa hapo chini.

Kwa Wakatoliki tumaini hili lilifungwa katika usiku mmoja. Mapadre Weupe walifuata agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba mtu afundishwe muda wa miaka minne kabla ya kubatizwa, na Pasaka tangu zamani za Kanisa ndiyo siku ya kubatizia. Lakini kwa karne nyingi Mkesha wa Pasaka ulikuwa ukifanywa Jumamosi asubuhi, jua likiwaka, na mshumaa wa Pasaka ulibebwa katika mwanga ambao haukuuhitaji. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliruhusu mkesha urudishwe usiku kwa majaribio, na mwaka 1955 ukaamriwa hivyo kwa Kanisa lote, kuanzia Pasaka ya 1956. Katika miaka hiyohiyo Rugambwa, mzaliwa wa mwaka 1912 katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Muleba, mwanafunzi wa seminari ya Rubya na kisha ya Katigondo huko Uganda, aliwekwa kuwa askofu mwezi Februari 1952. Vikarieti yake ya Kagera ya Chini ilifanywa jimbo la Rutabo mwaka 1953. Hivyo askofu huyo wa kwanza Mhaya ni miongoni mwa maaskofu wa mwanzo walioupata mkesha ukiwa giza kweli. Alipofanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata cheo hicho katika zama zetu, bado sala za usiku ule zilikuwa za Kilatini. Mtaguso wa Vatikano, ambao yeye mwenyewe alihudhuria, ulifungua mlango wa lugha za watu kwa hati ya tarehe 4 Desemba 1963. Na tangu hapo mwali ule umekaribishwa gizani kwa lugha ambayo mtoto aielewa.

Upande wa Kilutheri mkazo ulikuwa mwingine. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda na Uganda ukafika Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930, ulihubiri kwamba mtu hufufuka sasa, siku anapotubu. Josiah Kibira, aliyekuwa mtu wa uamsho huo, akawa askofu mwaka 1964 na rais wa Shirikisho la Kilutheri la Dunia kuanzia 1977 hata 1984, wa kwanza kutoka Afrika. Katika kitabu chake cha mwaka 1974, Church, Clan, and the World, aliuchunguza ukoo wa Kihaya na ushirika wa Kanisa pamoja, akikataa kuvitenganisha kwa kisu. Aliyezaliwa kati ya makaburi ya ukoo hawezi kuuwaza wokovu wa mtu mmoja peke yake.

Sasa nifike kwenye miaka ambayo maneno haya yalipimwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Hapo mwanzo watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la nguo za fahari zilizoingizwa kwa magendo kutoka Uganda. Katika miaka iliyofuata, vibanja vya Bukoba na Muleba vilipokea vijana kabla ya wazee wao. Mpangilio wa makaburi, ambao ulikuwa ukisomeka kama nasaba, baba kisha mwana, ulivurugika. Wazazi waliwazika watoto, na bibi wakabaki na wajukuu. Kuwaahidi "uzima" watu waliomwona mgonjwa akikonda hata akawa mifupa, hilo halikuwa jambo jepesi. Wala sidhani kwamba "okuzuukuka", kuamka, lilitosha: aliyekonda hivyo hatamani kuamka alivyolala. Hapa uzito wa neno la Kiswahili ulionekana, kwa sababu ya utimilifu ulio ndani yake; mhubiri aliyesimama kando ya kaburi aliweza kusema uzima, na mama aliyesikia akaelewa mwili usio na kidonda.

Pigo la pili lilikuja kwa maji. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia bandari ya Kemondo, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21 ikapinduka karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Taifa liliomboleza siku tatu. Wengi walizikwa pamoja huko Igoma, Mwanza. Wengine hawakupatikana kamwe. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 7 Aprili na Pentekoste tarehe 26 Mei. Kwa hiyo meli ilizama ndani ya majira ya Pasaka yenyewe, katika siku ambazo mshumaa wa Pasaka husimama karibu na altare.

Kwa ukoo wa Kihaya kukosa maiti ni msiba ndani ya msiba. Pale palipotengwa kibanjani pabaki bure. Na ile picha ya kwanza, ya Kiganda, ile iliyokaa vizuri sana, ilikosa mahali pa kushika: ataamkaje asiye na kitanda? Ziwa ni la Mugasha, wangalisema wazee wa zamani, nao wasingetegemea kurudishiwa. Nadhani ni hapa ambapo "kiyama" lafaa kuliko ndugu zake wawili. Kusimama hakudai mahali. Aitwaye husimama popote alipo, shambani, Igoma au kilindini. Sisemi kwamba wafiwa walikaa wakachagua kati ya maneno. Mfiwa hachagui maneno, hutumia yaliyopo. Nasema kwamba yalikuwapo matatu, yaliyokwisha wekwa akibani na wakimbizi wa 1892, na watafsiri wa Unguja, na Waislamu wa pwani, na kwamba lugha yenye neno moja tu ingaliwaacha watu wale na tumaini lililokatika upande mmoja.

Mtu asiharakishe, basi, kuulinganisha uhamisho wa Kardinali Rugambwa na desturi ya zamani ya kuyalinda makaburi ya Abakama, ingawa walioshuhudia mwaka 2012 bila shaka walizikumbuka zote mbili. Yeye alikuwa na bahati ambayo waliozama hawakuipata: alizikwa mara mbili, na mara zote mbili kwao.

Limebaki jambo dogo la majina, ambalo sikulipangia nafasi. Katika parokia za Bukoba na Muleba utakutana na akina Paskali na Paskazia, waliopewa jina la Pasaka yenyewe, na akina Anastazia kwa wingi. Sijakutana na mama aliyeniambia kwamba alimwita bintiye "asimamaye" kwa kujua Kiyunani. Jina hupewa kwa ajili ya mtakatifu, au kwa ajili ya shangazi aliyekuwa nalo. Hata hivyo neno la Mitume, lile ambalo Roehl alilikimbia katika vazi lake la Kiarabu, laitwa kila jioni kutoka mlangoni kwenda kisimani, na limeandikwa kwa kijiti katika saruji mbichi juu ya makaburi mengi chini ya migomba, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa.